Injini ya gari lile, giaboksi ya gari hili: klachi inunuliwe ya nani?

Msomaji ameandika: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata injini ya petroli ya silinda 6 iliyotoka kwenye gari la otomatiki. Nataka kuifunga kwenye gari langu la silinda 4 na kubaki na giaboksi yangu ya manyuali, maana bado nzima. Fundi amenichongea bamba la chuma la milimita 12 la kuunganisha injini na giaboksi. Flaiwili ya manyuali ya injini hiyo nimeipata na nimeifunga, lakini stata inakwaruza tu. Klachi sijui ninunue ya injini au ya giaboksi. Tena fundi anataka kuikereza flaiwili ipungue uzito ili injini ichangamke. Nisaidie kabla sijamaliza hela."

Marahaba. Swali la klachi ya nani halina jibu la neno moja, kwa sababu klachi si kitu kimoja, ingawa dukani inauzwa ndani ya boksi moja. Kila kipande kina bwana wake. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inaifuata krenki, yaani shafti kuu ya injini. Presha pleti, kifuniko chenye springi kinachoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili, inaifuata flaiwili. Pleti ya klachi ina mabwana wawili: upana wake unafuata flaiwili na presha pleti, lakini meno ya katikati yanafuata shafti ya giaboksi. Beringi ya klachi, ile inayosukuma klachi iachie unapokanyaga pedali, ndiyo haina bwana, inakaa katikati ya pande mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja, kwa hiyo haichaguliwi kwa jina la gari. Inapimwa. Ukinunua boksi zima la injini, meno ya pleti yatakataa shafti yako. Ukinunua la giaboksi, presha pleti inaweza kukataa matundu ya flaiwili, na hata ikikubali, nguvu yake ilipangwa kwa injini ndogo.

Ila kabla ya klachi, tulizungumze hilo bamba, maana ndilo lililokuletea kesi nyingi kuliko unavyodhani.

Bamba la milimita 12 limeisogeza giaboksi nyuma milimita 12 kutoka kwenye injini. Watu huona ni kitu kidogo. Lakini milimita hizo zinakatwa mahali panne kwa mpigo. Ncha ya shafti, ambayo inatakiwa iingie kwenye beringi ndogo iliyo katikati ya mkia wa krenki, sasa inaishia milimita 12 kabla ya pale ilipotakiwa kufika. Pleti ya klachi inakaa milimita 12 karibu zaidi na mwisho wa meno ya shafti, na huenda sehemu ya kitovu chake inaning'inia mahali pasipo na meno. Beringi ya klachi iko mbali zaidi na vidole vya presha pleti, zile ndimi za katikati ambazo beringi huzisukuma. Na kama stata yako inafungwa kwenye kasha la giaboksi, nayo imerudi nyuma milimita 12 kutoka kwenye meno ya flaiwili.

Hapo ndipo ninapoanzia kutafuta huo mkwaruzo. Kaangalie stata imeshikwa na nini. Kama imefungwa kwenye bloku ya injini, bamba halihusiki na tatizo liko kwenye meno yenyewe. Kama imefungwa kwenye kasha la giaboksi, una matatizo mawili yaliyobebana: pinioni, yaani gia ndogo ya stata, haifiki vizuri, tena ni pinioni ya gari la silinda 4 inayojaribu kuuma ringi (duara la meno kwenye ukingo wa flaiwili) ya injini ya silinda 6. Idadi ya meno na kipenyo cha ringi vinaweza kuwa tofauti hata kwa injini zinazofanana sura. Chevrolet V8 ndogo, kwa mfano, zilitoka na flaiwili za aina mbili: ya meno 153 na ya meno 168. Kila moja ina mpangilio wake wa bolti za stata kwenye bloku, na ukichanganya, stata italia kama yako.

Paka ringi rangi ya maka au chokaa, zungusha stata kwa sekunde moja, kisha itazame. Alama zikiwa ukingoni mwa meno tu, pinioni haifiki ndani. Zikiwa kwenye ncha za meno, ringi iko mbali au ni ndogo. Meno yakiumana sawasawa, kati ya ncha ya jino la pinioni na bonde la ringi panapita waya wa klipu ya karatasi, karibu milimita 1. Ikiwa imepumzika, pinioni ikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ringi.

Ringi ya stata haikuzaliwa na flaiwili. Imevishwa kwa moto. Fundi mkereza anaweza kuitoa ile ya injini, akakereza ukingo wa flaiwili kwa kipimo cha ringi ya gari lako la zamani, akaipasha hiyo ringi nyuzi joto 200 hivi na kuivisha. Ikipoa inabana yenyewe. Asiichome mpaka igeuke bluu, maana hapo meno yamelainika na stata itayala ndani ya muda mfupi. Njia hii inawezekana tu kama ringi ya zamani ni ndogo kuliko flaiwili mpya kwa kiasi ambacho chuma kinaruhusu kukerezwa. Kama ringi ya zamani ndiyo kubwa, usivishe chuma juu ya chuma ili kujaza pengo. Tafuta flaiwili nyingine.

Sasa turudi kwenye zile milimita 12. Kama stata iko kwenye kasha la giaboksi, dawa safi ni kuweka spesa, yaani kipande cha kujaza nafasi, ya milimita 12 kati ya krenki na flaiwili. Flaiwili inarudi nyuma pamoja na giaboksi, na kwa mara moja umerejesha meno ya pleti, beringi ya klachi na stata. Inabaki ncha ya shafti tu, ambayo utaiwekea bushi ndefu inayotokeza kutoka kwenye krenki. General Motors wenyewe wana spesa ya inchi 0.400, yaani milimita 10 na kidogo, kwa wanaofunga injini zao za V8 za LS kwenye giaboksi za otomatiki za zamani, kwa hiyo si ujanja wa vichochoroni. Ila spesa iwe ya chuma kigumu, na iwe na bega la katikati pande zote mbili: upande mmoja uingie kwenye krenki bila kucheza, upande wa pili upokee flaiwili bila kucheza. Bolti peke yake haziwezi kuiweka flaiwili katikati. Bolti ziwe ndefu kwa milimita 12 zaidi, za daraja lilelile au la juu, na ziingie kwenye krenki kwa kina kilekile kama mwanzo.

Kama stata iko kwenye bloku, sahau spesa. Ukiisogeza flaiwili utaikimbiza kutoka kwenye stata ambayo ilikuwa sawa. Hapo utarekebisha ncha ya shafti, pleti na beringi, kila kimoja kwa njia yake. Au, na mimi ningelifikiria hilo kwanza, mrudishie fundi bamba akakereze lingine jembamba, kama vichwa vya bolti na pini vinaruhusu.

Injini yako imetoka kwenye otomatiki, na hilo lina mambo yake. Ile sahani nyembamba ya otomatiki, inayokaa mahali pa flaiwili, inafungwa kwa bolti fupi. Ukizitumia hizo kwenye flaiwili nene zitashika nyuzi chache tu, na siku moja zitaachia. Tena krenki nyingine za otomatiki hazikutobolewa mpaka kipimo cha mwisho pale pa beringi ya ncha, kwa hiyo ingiza kidole upime kwa venia (kipimo cha chuma cha kubana) kabla hujafunga chochote. Beringi hiyo, au bushi, nje inafuata krenki na ndani inafuata shafti ya giaboksi. Kama hakuna inayouzwa kwa vipimo hivyo, kukereza bushi ya shaba ni kazi ndogo. Ncha ya shafti iingie angalau nusu ya urefu wa bushi, lakini isiguse mwisho wa tundu. (Bushi ya zamani ikikataa kutoka, jaza tundu grisi, ingiza fimbo inayobana vizuri, ipige nyundo. Grisi inaisukuma bushi kutoka nyuma. Wengine hutumia mkate uliolowekwa maji, na niamini, unafanya kazi na hauchafui.)

Flaiwili yenyewe umesema ni ya injini hiyo, vizuri, lakini hakikisha ni ya mwaka huo. Injini yenye jina lilelile inaweza kubadilishwa mkia. Chevrolet 350 za kabla ya 1986 zina mduara wa bolti wa inchi 3.58 kwenye krenki. Kuanzia 1986, sili ya nyuma ilipofanywa ya kipande kimoja, mduara ukawa inchi 3.00. Hiyo angalau inajionyesha, kwani bolti zinakataa. Hatari zaidi ni ile isiyojionyesha, nayo ni mizani. Ford 302 za mpaka 1981 zinataka flaiwili yenye uzito wa ziada upande mmoja wa aunsi-inchi 28 (uzito mara umbali wake kutoka katikati). Kuanzia 1982 ni 50. Matundu ni yaleyale, bolti zinaingia kwa raha zote, na injini inatetemeka mpaka beringi za krenki zinakwisha. Kwa hiyo geuza ile sahani ya otomatiki uliyoitoa na uitazame. Kama ina kipande cha uzito kilichochomelewa upande mmoja, flaiwili nayo lazima iwe na uzito wake mahali hapohapo.

Na kama injini ni ya kompyuta, kagua sensa ya krenki inasoma wapi. Jeep ya lita 4.0, kwa mfano, inasoma mikato iliyochongwa kwenye flaiwili, kupitia sensa iliyo kwenye kasha la klachi. Ukibadilisha flaiwili na kasha bila kulijua hilo, stata itazungusha vizuri sana na cheche hazitatoka.

Haya, klachi. Anza na presha pleti inayolingana na matundu na pini za flaiwili, kisha tafuta pleti ya kipenyo hicho yenye meno ya giaboksi yako. Peleka shafti dukani kama imefunguliwa, au chukua pleti yako ya zamani. Hesabu meno na pima kipenyo kwa venia, kwa sababu hesabu peke yake hudanganya: kuna shafti za meno 10 za inchi 1 na 1/16 na nyingine za meno 10 za inchi 1 na 1/8. Pleti iteleze kwenye shafti mwanzo hadi mwisho kwa kusukumwa na kidole. Ikiwa na upande ulioandikwa uelekee flaiwili, utii. Weka pleti kwenye flaiwili bila presha pleti na uizungushe: springi zake au kitovu kikigusa vichwa vya bolti za flaiwili, hiyo si yako. Unene wa pleti nao ulingane na ule ambao presha pleti ilitengenezewa, kwani pleti nyembamba inabadilisha mbano na kusogeza vidole.

Je, itabeba? Hesabu yake si ngumu. Zidisha nyuso 2 za pleti, kiasi cha msuguano (0.3 kwa pleti za kawaida), mbano wa presha pleti kwa nyutoni, na nusu kipenyo cha wastani kwa mita. Tuseme klachi ya gari lako la silinda 4 ina pleti ya nje milimita 228, ndani 152, na mbano wa nyutoni 5,000. Wastani wa nusu kipenyo ni 0.095. Unapata nyutoni-mita 285. Kama injini yako mpya inatoa 300, klachi hiyo itateleza kwenye mlima wa kwanza. Chukua pleti ya nje 240, ndani 160, na mbano wa 6,500: unapata 390, yaani mara 1.3 ya injini. Hapo pametulia. Mimi huishia kati ya 1.2 na 1.5. Zaidi ya hapo unalipia kwa mguu wa kushoto, na unaiambia giaboksi iliyotengenezwa kwa silinda 4 ipokee kila pigo bila klachi kuteleza hata kidogo. Klachi ni rahisi kubadilisha kuliko gia. Zile pleti za vipande vya seramiki zisizo na springi waachie wa mashindano.

Baada ya hapo ndipo beringi, ambako kazi nyingi za namna hii hufia. Funga flaiwili, pleti na presha pleti kwenye injini na ukaze. Weka rula iliyonyooka kwenye uso wa bloku na pima vidole vya presha pleti vimetokeza kiasi gani kupita uso huo. Kisha kwenye giaboksi, rudisha beringi nyuma mpaka mwisho na upime kutoka mdomo wa kasha mpaka uso wa beringi. Jumlisha unene wa bamba kwenye kipimo cha pili, toa cha kwanza. Mfano: vidole vimetokeza 46, beringi iko ndani 51, bamba 12. Pengo ni 51 na 12 kutoa 46, yaani milimita 17. Kwa beringi ya haidroliki inayozunguka shafti ninataka 3 hadi 5. Ukiacha 17, pistoni yake itatoka nje ya sili na mafuta yatamwagika juu ya klachi mpya. Kwa hiyo inawekwa shimu ya milimita 13 nyuma ya beringi, au kama ni ya foki, yaani mkono wa chuma unaoisukuma beringi, unatafuta beringi yenye shingo ndefu au unarefusha kile kijiti ambacho foki inaegemea. Ukiweka ile spesa ya flaiwili niliyoitaja, vidole vitatokeza 58 na pengo litakuwa 5 bila kugusa kingine. Unaona kwa nini ninaipenda.

Pengo dogo nalo ni ugonjwa. Kadiri pleti inavyolika, vidole vya klachi ya kusukuma vinasogea kuelekea giaboksi. Ukianza na pengo sifuri, baada ya muda beringi itakuwa inavikandamiza vidole saa zote na klachi itateleza, nawe utalaumu pleti. Na usijaribu kumaliza tatizo la pengo kwenye pedali. Pedali inatoa mwendo, haitoi mahali pa kuanzia.

Kuhusu mwendo, piga hesabu hii. Masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, ya inchi 5/8 ikisukuma milimita 30, silinda ya chini inayosukuma foki, ya inchi 13/16, inatoka karibu milimita 17.8. Foki ya mbili kwa moja inazigawa, vidole vinapata 8.9. Klachi nyingi za ukubwa wako zinaachia vizuri kati ya 8 na 10. Ukibadilisha masta silinda kuwa ya 3/4, vidole vitapata karibu 12.8, pedali itakuwa nzito, na vidole vitasukumwa kupita kiasi mpaka presha pleti iharibike. Kwa hiyo kama gia zinagoma kuingia, pima mwendo kwenye vidole kwanza, ndipo uende dukani.

Bamba lililochongwa kwa mkono lina dhambi moja ya siri: kutokuwa katikati. Funga bamba na kasha tupu kwenye injini, tega saa ya kupimia kwenye flaiwili, ncha yake iguse tundu la kasha ambamo giaboksi inakaa, kisha zungusha krenki mzunguko mzima. Tofauti unayosoma igawanye kwa mbili, hiyo ndiyo hitilafu. Isizidi milimita 0.13. Ikizidi, bushi ya ncha italika, kitovu cha pleti kitapiga kelele, na gia itaanza kuruka yenyewe. Pini za mwongozo zenye mhimili uliosogezwa zinarekebisha hilo, au fundi arudie matundu.

Fanya haya yote chini, nje ya gari. Giaboksi ifike kwenye bloku kwa mikono, chuma kiguse chuma, kabla ya bolti hata moja kukazwa. Mimi mwenyewe, miaka ya ujana wangu kazini, niliwahi kuvuta kasha kwa bolti kwa sababu lilibakiza milimita 4 na mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni. Ncha ya shafti ilikuwa imegota mwisho wa tundu la krenki. Beringi inayozuia krenki kwenda mbele na nyuma ikaisha haraka, injini ikashushwa tena, na safari hiyo nililipa mimi.

Na kukereza flaiwili ipungue uzito, hapana. Uso wa msuguano ukiwa na mikwaruzo, ukerezwe kidogo, na kama flaiwili yako ina kingo zilizoinuka ambako presha pleti inakaa, kingo nazo zikerezwe kiasi kilekile, la sivyo mbano unapotea. Kumbuka kuwa kila milimita iliyokatwa inaongeza milimita kwenye pengo la beringi, kwa hiyo kereza kabla ya kupima. Lakini kuchimba nyama ya flaiwili ya chuma cha kusubu ni jambo jingine. Flaiwili ya kipenyo cha milimita 300, injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 94 kwa sekunde, sawa na kilomita 339 kwa saa. Iko hapo karibu na miguu yako, na kati yenu kuna kasha la aluminiamu na sakafu ya bati. Ukitaka nyepesi, nunua ya chuma kilichofuliwa, iliyotengenezwa kuwa nyepesi. Kwa gari la barabarani, tena lenye klachi mpya usiyoizoea, ule uzito ndio utakaokuondoa mlimani bila kuzima.